Simba wa Mkono wa Kulia

"Pua si hiyo!"

"Ni hiyo."

"Nakwambia si hiyo! Hiyo ni ya bata. Mtoto nilimzaa mimi, na sikuzaa bata."

"Ulimzaa, sijakataa. Lakini nani alikaa naye hapa mezani mchana kutwa akimkodolea macho? Si mimi? Pua ilikuwa bapa hapa juu, halafu inainuka huku chini."

"Inainuka! Inainuka kwenda wapi, jamani, ilikuwa na safari?"

Fundi akaweka kisu chake kidogo mezani, akajifuta mikono kwenye suruali. Mbele yake, juu ya kibao, kulikuwa na uso wa nta mpana kama sinia dogo. Manyoya yalikuwa yameuzunguka kama miale ya jua, mashavu yamevimba, mdomo uko wazi pale pete ya kubishia hodi itakapoingia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa pua. Tangu asubuhi imewekwa, imebanduliwa, imewekwa tena, mpaka katikati ya uso nta imelegea na kung'aa kama mtu aliyetoka kulia.

"Ukizidi kunipigia kelele, nta itayeyuka kwa moto wa mdomo wako," alisema.

"Na wewe ukizidi kunifugia bata humu ndani, nitawasha jiko nimpike."

Wale walikuwa wameoana muda mrefu hata ugomvi kwao ulikuwa kama kiti: wanaufuta vumbi, wanaukalia, wanapumzika. Lakini ugomvi wa siku hiyo ulikuwa na mwiba ndani. Mchana huo alikuwa anakuja yule msanifu, binti msomi aliyepewa kazi ya kulifufua jengo la benki ya zamani. Anakuja kuiangalia nta. Akiridhika, fundi atayeyusha shaba na kuusubu uso mpya na utarudi kwenye mlango mkubwa. Asiporidhika, alishawaambia kwa upole, tena akiwa amewashika mikono wote wawili, simba wa kushoto atapelekwa kiwandani akanakiliwe kwa mashine, na mlango utapata simba wawili mapacha wenye meno kamili. Hapo yule mtoto aliyeishi mlangoni hatakuwa na pa kuishi tena, maana duniani hakubakiza kitu kingine.

Kwa sababu yule simba wa kulia hakuwa simba. Alikuwa binti yao.

Jengo lenyewe nani halijui? Hata kipofu akipita pale analijua, kwa sababu upepo ukifika mbele yake hupunguza sauti. Waliolijenga walikuwa matajiri wa enzi zile, na walitaka mtu akilitazama aamini kuwa mali yake haitoki humo hata ardhi ipasuke, kwa hiyo kila kitu walikiagiza kikubwa kupita haja. Mawe yalikokotwa na ng'ombe kutoka machimboni, na inasemekana jiwe la mwisho lilipofika, ng'ombe wale waliapa. Kuanzia siku hiyo wakikuta hata kokoto njiani wanalizunguka. Nguzo nne za mbele zilikuwa nene kiasi kwamba mtu na mama mkwe wake wangeweza kuzizunguka asubuhi nzima wasikutane. Ngazi zilipandishwa juu makusudi, ili hata mwenye maringo afike mlangoni ameinama anahema. Na mlango, wa mbao nyeusi, wenye mbawa mbili, twiga angepita pale bila kuvua kofia.

Ndani ndiko kulikuwa na ukumbi wenyewe. Juu yake kuba la vioo, mwanga ukishuka taratibu kama mgeni wa heshima. Chini marumaru nyeupe na nyeusi, zikisuguliwa mpaka zinateleza. Karani mmoja mgeni, siku yake ya kwanza, aliteleza pale mlangoni, akawaamkia watu wote njiani, akafika kaunta kabla ya viatu vyake. Makarani walikaa nyuma ya vyuma vilivyokunjwa kama mimea inayotambaa, hata ukadhani unaongea na mtu aliye bustanini ambaye hana mpango wa kukufungulia. Chini kabisa kulikuwa na chumba cha hazina, mlango wake mnene kama godoro.

Zamani hizo watu wa kawaida walipita nyuma, kichochoroni, wanakopitia wabeba magunia. Baadaye nyakati zikageuka, wenye jengo wakaondoka, picha ukutani zikabadilishwa, na mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kila mtu. Wauza mkaa wakapanda zile ngazi na nguo zao safi. Walipofika juu walikuwa wanawagusa simba wawili wa shaba wa mlangoni kwanza, kama vile mtu anavyomgusa mbwa wa jirani kuhakikisha hang'ati.

Kisha ikaja siku ya vurugu. Mji ulichafuka, watu wakavunja maduka, wakaja na benki. Madirisha yenye vyuma yaliwashinda. Mlango wa mbele uliwashinda. Mtu mmoja, kwa hasira ya kushindwa, akamng'oa simba wa kulia kwa mtaimbo. Waliomwona wanasema alikimbia naye amempakata kifuani, kamfunika shati, kama mama anayekimbiza mtoto hospitali. Hakuonekana tena, yeye wala simba.

Ndipo meneja wa benki akamtafuta fundi.

Fundi wakati huo alikuwa kijana bado, anasubu kengele, bomba, vitasa vya milango. Meneja akamwambia, "Nitengenezee simba kama yule aliyebaki." Fundi akaomba ashushiwe yule aliyebaki akae naye karakana. Meneja akakataa katakata. Mmoja kashaibiwa, wa pili asitoke hata hatua moja. Basi fundi akawa anakwenda pale mlangoni na karatasi, anachora, anapima kwa shubiri, anarudi nyumbani kuijaribu nta. Haikutoka. Simba hai alikuwa hajamwona maisha yake yote, na simba wa karatasi alikuwa amekufa. Kila alichotengeneza kilifanana na meneja.

Mtoto wao ndiye aliyemwokoa. Alikuwa wa kike, ameanza kung'oka meno, ana pengo mbele, na nyumbani walimwita Kibogoyo. Alikuwa anakaa kwenye kiti upande wa pili wa meza, kidevu juu ya mikono, anamtazama baba yake anavyohangaika.

"Baba, simba anafanya hivi," akasema. Akavimbisha mashavu, akakunja pua, akatoa macho, akanguruma kupitia pengo mpaka mate yakaruka kwenye nta.

"Fanya tena," baba yake akasema.

Akafanya tena. Akafanya siku zile zote. Mama yake akipita na ndoo anasikia, "Fanya simba, mwanangu," halafu mngurumo, halafu vicheko viwili. Mama mwenyewe alikuwa ameshapanga kumpeleka kwa mpiga picha, lakini alisema wasubiri kidogo, meno yaote kwanza, mtoto apendeze.

Homa ilikuja kabla ya meno. Ilikuja ikiwa na haraka zake. Uso wa nta uliachwa mezani, na yeye hawakumpiga picha.

Baada ya msiba fundi alimalizia kazi peke yake, mlango wa karakana umefungwa. Siku ya kumfunga simba pale benki, meneja alisimama na tai yake, akamkagua mgeni kwa kumlinganisha na mwenzake.

"Mbona huyu hana meno ya mbele?"

"Yule mwenzake si wa zamani, bwana mkubwa?"

"Wa zamani, ndiyo."

"Huyu ni mpya. Hajaota bado."

Watu wakacheka, meneja naye akacheka, jambo likapita. Mke wa fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi nyuma yao. Hakuwa ameambiwa kitu. Aliinua macho tu akamwona mwanawe mlangoni pa benki, wa shaba, mashavu yamevimba, anamngurumia. Ilibidi ashike nguzo.

Wiki iliyofuata alikwenda kuomba kazi ya usafi.

Walimpa ndoo, fagio, na kopo la dawa ya kung'arishia shaba. Ile dawa ya kopo ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na yeye aliitumia kwa simba wa kushoto, harakaharaka, paka, futa, kwaheri. Wa kulia hakumpaka. Nani anamwogesha mtoto kwa mafuta ya taa? Wa kulia alimletea majivu kutoka nyumbani, ameyachekecha mpaka yamekuwa laini kama poda, na ndimu, na kitambaa kilichokuwa gauni la mtoto mwenyewe. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza: nyuma ya masikio, chini ya kidevu, pembeni mwa macho, na pua alisugua mara mbili kwa sababu Kibogoyo alikuwa na mafua ya kudumu. Alikuwa akimsemesha wakati huo. Mlinzi alidhani anasali, akawa anavua kofia. Kitambaa hakikubanduka begani, na ndiyo maana mjini walimwita Bibi Kitambaa hata kabla hajazeeka.

Na alikuwa na vituko vyake. Siku moja mama mmoja kwenye foleni alikuwa analalamika kwamba karani wa dirisha la mwisho hunyanyapaa watu. Bibi Kitambaa akamsogelea na fagio lake.

"Umemgusa pua simba wa kulia?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Ah! Utahudumiwaje? Nenda kamguse pua taratibu, mwambie 'hujambo,' halafu rudi. Karani hatanuna."

Yule mama akaenda, akarudi, na kwa bahati karani siku hiyo alikuwa ameamka vizuri. Basi. Habari zikaenda mjini bila miguu. Wakaja wenye mitihani, wakaja maharusi, akaja mzee mmoja aliyetaka mbuzi wake apate mimba. Inasemekana mbuzi alizaa watatu na mmoja alikuwa ananguruma. Bibi Kitambaa alisimama kando na fagio, akiutazama mji mzima unavyombembeleza mwanawe, kila mtu anamgusa pua na kumjulia hali. Alikuwa anajiuliza ni mama gani mwingine mtoto wake anaamkiwa na watu wengi hivyo kwa siku.

Hakuna aliyemwambia kwamba majivu na ndimu hung'arisha shaba lakini pia huila. Na vidole vya watu, polepole, huila. Kama mzazi asivyomwona mtoto wake anavyorefuka kwa sababu yuko naye kila siku, ndivyo yeye hakumwona wake anavyopungua. Macho yalianza kumwingia ukungu, akawa anamwona kwa mikono, na mikono kila asubuhi ilimkuta kama ilivyomwacha jana.

Benki ikahamia kwenye jengo la vioo upande wa pili wa mji. Mlango mkubwa ukafungwa kwa mnyororo, njiwa wakahamia kwenye kuba, vioo vikaanza kudondoka. Bibi Kitambaa aliendelea kwenda na kitambaa chake mpaka magoti yalipokataa ngazi. Halafu yule binti msanifu akaja na jukwaa na mafundi wake, akawashusha simba wote wawili, akawalaza juani juu ya turubai, akatuma watu wawatafute wazee wanaolijua jengo.

Bibi Kitambaa alibebwa kwenye kiti mpaka pale. Akasogeza uso karibu. Wa kushoto, aliyekuwa akipakwa dawa ya kopo kwa haraka, alikuwa na meno yake yote, masharubu yake yote, hata vinyweleo vya masikioni. Wa kulia alikuwa laini kama mgongo wa upawa. Mashavu yameisha, macho yamebaki vivuli viwili, pua haipo kabisa.

"Sijui nani amemfuta huyu maskini," yule msanifu alisema, anampapasa.

Bibi Kitambaa alisema anataka kurudi nyumbani.

Msanifu ndiye aliyepeleleza mpaka akamfikia fundi, na akaelezwa habari ya mtoto. Halafu akasema sawa, atengeneze kama alivyokuwa, si lazima afanane na wa kushoto. Ila uso uwe uso. Mlango wa jengo kama lile hauwezi kubeba kitu kisichoeleweka. Akawaachia na shaba ile ya zamani, iliyofungwa kwenye gunia chini ya meza, iyeyushwe na kumiminwa upya, mtoto asiwe mgeni kwenye mlango wake.

Na sasa nta ilikuwa mezani na wazazi wawili walikuwa hawakumbuki pua.

"Muulize yeyote," Bibi Kitambaa alisema, "pua ilikuwa nyembamba."

"Nimuulize nani? Wadogo zake wote walizaliwa yeye hayupo. Mama yangu hayupo. Mama yako hayupo. Tumebaki mimi na wewe."

"Basi niulize mimi!"

"Si ndiyo nakuuliza tangu asubuhi! Umesema nyembamba, ukasema fupi, ukasema kama ya shangazi yake. Shangazi yake pua ilikuwa kama iliyopigwa teke!"

"Na wewe umetengeneza bata."

"Kama ungemwacha angekuwepo tusiulizane!" Fundi alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Nilimtengeneza mara moja. Nikamkabidhi kwako akiwa mzima. Wewe na majivu yako! Wewe na hadithi zako za kugusa pua! Umemmaliza mwenyewe."

Jiko dogo la kuyeyushia nta lilisikika likipumua. Bibi Kitambaa alitafuta kitambaa begani, akakishika, akakiachia kama kimemchoma.

"Nilikuwa namwogesha tu," alisema.

Fundi alitazama mikono yake. Akavuta kiti, akakaa kwa uzito.

"Mama Kibogoyo," akasema. Jina hilo halikuwa limetajwa ndani ya nyumba ile tangu msiba. "Ile pua uliyoimaliza haikuwa yake."

"Unasemaje?"

"Tulipokwenda kuzika nta niliiacha mezani, dirisha wazi. Jua likaingia. Niliporudi mashavu yapo, macho yapo, pengo lipo, lakini pua imelegea, imetiririka mpaka kidevuni. Nikakaa nayo. Nikajaribu kumkumbuka nikashindwa. Halijapita hata juma, nami nimeshaisahau pua ya mwanangu. Nikachungulia sebuleni. Wewe ulikuwa umekaa chini na wanawake, unalia. Ukilia unakunja pua vilevile alivyokuwa anakunja akifanya simba. Vilevile kabisa. Nikarudi mezani nikaiweka ya kwako."

Bibi Kitambaa aliinua mkono, akaipapasa pua yake.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "ujana wangu wote nilipanda juu ya ndoo nikasugua pua yangu mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na mji mzima ukaishika."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unaniangalia tu."

"Niliogopa ukijua utaacha kumwogesha."

Alicheka. Ilianza kama kicheko, kwa vyovyote. Katikati ikabadilika, mabega yakawa yanapanda na kushuka, naye fundi akanyoosha mkono juu ya meza, kupitia manyoya ya nta, akaushika wake.

"Mashavu ni yake?" aliuliza Bibi Kitambaa.

"Ni yake. Hayo nimeyashika vidoleni mpaka leo."

"Na macho?"

"Yake. Na pengo. Pua tu ndiyo yako. Lakini watu wote walikuwa wanasema amechukua pua kwako."

"Watu gani? Mama yako alikufa anadai pua ni ya ukoo wenu!"

"Mama yangu alikuwa anadai hata mvua ni ya ukoo wetu."

Bibi Kitambaa akajifuta macho kwa kitambaa, kisha akakikunja vizuri, akakiweka mezani mbali na nta. Akavuta kiti chake, kile cha upande wa pili, akakiburuta mpaka wakatazamana. Akaweka kidevu juu ya mikono.

"Haya."

"Haya nini?"

"Si unaitaka pua? Mgeni wako yuko njiani."

Fundi akachukua kisu. Akabandika tonge la nta katikati ya uso, akalifinyanga kwa kidole gumba. Akamwangalia mkewe, na sauti ilikuwa ndogo sana.

"Fanya simba, mama."

Bibi Kitambaa akavimbisha mashavu, akakunja pua, akatoa macho yake yenye ukungu.

"Usitikisike."

Pumzi ikamtoka kidogo. "Nina mikunjo mingi. Usimwekee mikunjo yangu."

"Mikunjo nitaiweka. Angekuwa nayo sasa."

Bibi Kitambaa alitaka kujibu, na jibu alikuwa nalo, kali. Badala yake akavuta pumzi, akajaza mashavu upya, akakunja pua kwa nguvu, na machozi yakapita kwenye mikunjo yakashuka bila yeye kuyagusa, maana mzee alimwambia asitikisike. Kisu kikawa kinakwenda. Pua ikaanza kutokea, pana kidogo, fupi kidogo, inakunjamana kwa juu. Fundi akanong'ona, "Hapo hapo, usiachie, hapo hapo, nimebakiza upande mmoja tu—"

"Hodi!" sauti ya msanifu ikaita, na mlango ukafunguka kabla hajaitikiwa. "Hodi, bibi? Shikamooni! Nimekuja kuangalia—"

Akanyamaza. Mzee hakugeuka. Na bibi, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, uso umelowa, alikuwa anamngurumia.